Hadithi ina maoni mengi na matangazo mengi, mbona sipati kitu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwandishi wa hadithi za kuendelea, naishi Nyakato, Mwanza. Nilianza kuweka hadithi Facebook, mwaka jana kijana mmoja akanitengenezea tovuti na kuniunganishia matangazo ya Google. Hadithi ninayoandika sasa inamhusu mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na imefika sehemu ya 31. Kwa mwezi kurasa zinafunguliwa kama mara 12,000, lakini matangazo yananipa dola 4 na senti 80 tu. Wapo wanaonishauri niwaombe wasomaji wabofye matangazo, wengine wanasema komenti zikiongezeka malipo yatapanda. Komenti zenyewe zimekuwa mtihani. Kuna wanaonitukana, kuna wanaoweka namba za waganga na Freemason, na wiki iliyopita mmoja aliandika jina kamili la mfanyabiashara wa hapa mjini akidai ndiye yule mwanaume katili wa kwenye hadithi. Matangazo nayo ni ya kubeti na dawa za kupunguza tumbo, hadi mama yangu mdogo ameniuliza kama siku hizi nauza dawa. Halafu kuna mwenye duka la vitenge Makoroboi anataka kunipa 50,000 nimtaje kwenye hadithi. Nifunge komenti? Nitoe matangazo? Au nirudi Facebook?"

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kufika sehemu ya 31. Wengi huishia ya tano.

Naomba tuanze na lile ambalo wewe umelitaja katikati kama jambo dogo. Ile komenti yenye jina la mfanyabiashara, kama bado ipo, simama kusoma hapa ukaitoe. Kwanza ipige picha ya skrini inayoonyesha tarehe, saa na jina la aliyeandika, uitunze. Kisha ifute. Usimjibu chini yake kwa kusema "huyu siye, jamani", maana jibu lako litalirudia jina na kuwaita wengine waje kuchungulia. Kwenye tovuti yako wewe ndiye mwenye nyumba. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Kanuni hizo humtaka mwenye jukwaa aondoe maudhui yaliyokatazwa anapoarifiwa, na muda anaopewa huhesabiwa kwa saa. "Si mimi niliyeandika" ni utetezi mwembamba ikiwa uliliona jina la mtu likichafuliwa ukaliacha wiki nzima. Kama huyo bwana ameshakupigia au ametuma mtu, usibishane naye kwenye simu. Nenda kwa wakili ukiwa na ile picha.

Ukishalitoa, rudi tuzungumze mengine.

Naona hofu yako hasa ni hii: watu wapo, kelele zipo, matangazo yapo, lakini pesa haionekani, kwa hiyo lazima kuna kitu unakosea. Hapana. Unaviona vitu viwili tofauti kama kimoja kwa sababu vinakaa kwenye ukurasa mmoja. Komenti ni watu wako. Tangazo ni ukuta wako uliokodishwa kwa mtu usiyemjua, kwa bei usiyoipanga.

Bei hiyo hupangwa hivi. Msomaji akifungua sehemu ya 31 akiwa Igoma, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho kunafanyika mnada. Mtambo wa matangazo unanadi nafasi iliyo wazi: msomaji yuko Tanzania, anatumia simu ya aina fulani, ukurasa unazungumzia jambo fulani, na mara nyingi pia huyu mtu amekuwa akitazama vitu fulani mtandaoni. Wanunuzi wanataja bei, wa juu anashinda, tangazo lake linatokea. Wanunuzi wanaomgombea msomaji wa London ni wengi na wana fedha ndefu. Wanaomgombea msomaji wa Igoma ni wachache, kwa hiyo mnada unafungwa kwa bei ya chini. Uandishi wako haupimwi popote katika mnada huo. Kitu kizuri na kibaya hulipwa sawa, mradi kimefunguliwa.

Hapo utaona kwa nini komenti haziongezi malipo. Hakuna anayenunua komenti. Kinachoweza kutokea ni msomaji kurudi mara mbili tatu kuona amejibiwa nini, kila akirudi tangazo linaonekana tena, na hilo ni ongezeko la senti. Ila komenti zinaweza kupunguza malipo. Kwa sera za Google, mwenye tovuti anawajibika kwa kila kilicho kwenye ukurasa wenye matangazo, maoni ya wasomaji yakiwemo. Matusi mazito na maneno ya ngono yakijaa chini ya hadithi safi, ukurasa mzima unaweza kunyimwa matangazo.

Sasa huo ushauri wa kuwaomba watu wabofye. Tafadhali usiufuate, hata kwa ndugu zako. Tangu 2003 ilipoanza AdSense, yaani hiyo huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, kubofya matangazo yako mwenyewe au kuwahimiza wengine ni kosa linalofungisha akaunti. Na wanajua. Simu zilezile, mtandao uleule wa nyumbani, ghafla watu 40 kati ya 100 wanabofya tangazo na kutoka ndani ya sekunde mbili; msomaji wa kweli hafanyi hivyo. Niliwahi kumsaidia kijana wa hapa mjini aliyekuwa na dola 93 kwenye salio la kampuni moja ya matangazo. Kaka zake wawili, kwa nia njema kabisa, wakabofya usiku kucha kumalizia zile dola 7 zilizobaki ili afikishe 100 alipwe. Asubuhi akaunti imefungwa na salio limerudishwa kwa wenye matangazo. Alikaa kimya kwenye kile kiti mbele ya meza yangu kwa muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumwambia. Isitoshe, Novemba 2023 Google ilitangaza kuwa AdSense inahama kutoka malipo ya kubofya kwenda malipo ya tangazo kuonekana, kwa hiyo ushauri wenyewe umepitwa na wakati.

Chukua kalamu. Dola 4.80 kwa kurasa 12,000 ni senti 40 kwa kila kurasa 1,000. AdSense hawakutumii pesa mpaka salio lifike dola 100, maana yake kurasa 250,000. Kwa kasi yako ya sasa ni miezi 21. Kuna jambo jingine ambalo huenda kijana wako hakukwambia: salio likifika dola 10 hutumwa barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, na ukikaa miezi minne bila kuiingiza namba hiyo, matangazo huzimwa. Watu wengi huandika jina la mtaa tu wakati barua za kwetu huja kwenye sanduku la posta. Ingia leo uhakikishe S.L.P. uliyoweka ni ile unayoweza kuifungua.

Miezi 21 kwa dola 100. Ingekuwa pesa ya bure ningesema iache ijikusanye. Lakini kuna anayeilipia, naye ni msomaji wako.

Sehemu moja ya hadithi yako, tuseme maneno 1,500, ni kama herufi 10,000. Herufi moja ya Kiswahili ni baiti moja, kwa hiyo sehemu nzima ni kama kilobaiti 10. Kitu chepesi sana. Matangazo ya ukurasa mmoja, pamoja na picha zake na programu zinazoendesha ule mnada, hufika kwa urahisi megabaiti 1 au 2. Mama aliyejiunga bando dogo asubuhi akiwa kibandani kwake anatumia data ambayo ingemtosha kusoma sehemu 100 au zaidi, ili asome moja. Tangu 2020 Chrome, kivinjari cha Google, chenyewe hung'oa tangazo linalokula zaidi ya megabaiti 4, ujue tatizo ni kubwa kiasi gani. Fungua tovuti yako kwa simu ya bei nafuu, ukiwa nje ya Wi-Fi, mahali mtandao unapoyumba. Hesabu sekunde mpaka sentensi ya kwanza itokee. Kisha angalia kama sentensi hiyo haikuruki machoni wakati tangazo la juu linapojisukuma kuingia. Wanaokukimbia hapo hutawajua kamwe, hawaachi komenti.

Kuhusu mama mdogo, mweleze kwa upole kwamba lile tangazo la tumbo wewe hukulichagua, na pengine hata hulioni. Watu wawili wakifungua ukurasa mmoja wanaweza kupewa matangazo tofauti kabisa, kwa sababu mnada wa kila mmoja ni wake. Ila unao uwezo wa kukataa. Ndani ya akaunti yako kuna sehemu ya kuzuia aina za matangazo, na zimo za kupunguza uzito, za utajiri wa haraka, za unajimu na mambo ya kichawi, za kutafuta wachumba. Zima zote usizotaka ziketi kando ya jina lako, na za kubeti pia. Wanunuzi watapungua kwenye mnada na zile dola 4.80 huenda zikawa 4. Mimi ningekubali hasara hiyo bila kufikiri mara mbili.

Nije kwenye komenti, maana hapa ndipo penye mali yako, na nina wasiwasi utaitupa kwa sababu ya uchafu uliochanganyika nayo.

Kabla sijakujibu niliingia kusoma hadithi yako. Sehemu ya 19 mama anampokea mumewe alfajiri akirudi ziwani na dagaa, baada ya usiku "uliong'aa kwa mbalamwezi". Chini yake, kati ya "next" na "wa kwanza leo", kuna msomaji ameandika: "Dada hadithi nzuri ila usiku wa mbalamwezi hatuvui dagaa, taa haifanyi kazi, tunakaa nchi kavu kushona nyavu." Basi. Mistari miwili. Huyo ni mtu aliyewahi kukaa kwenye mtumbwi na karabai akingoja dagaa wafuate mwanga, na anajua mwezi ukijaa mwanga unatapakaa ziwa zima na dagaa hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Amekupa bure kitu ambacho mhariri wa Dar es Salaam asingekiona. Tena amekupa zaidi ya sahihisho: zile siku za mwezi mpevu ambapo wanaume wako nyumbani, hawana fedha, wanashona nyavu na kugombana, ni sura nzima ya hadithi. Ukifunga komenti unamfungia mlango mtu huyo.

Hao wa Freemason na waganga hawakuchukii na wala hawajasoma hata sentensi moja. Wanabandika popote penye nafasi. Zamani watu wa aina hiyo walifanya hivyo ili injini za utafutaji zihesabu viungo vyao, na Januari 2005 Google ilileta alama ya kuambia mtambo wake usivipe uzito viungo vya namna hiyo. 2019 ikaongeza nyingine mahususi kwa maandishi ya wasomaji. Hila ile ikapungua nguvu, lakini hawa wetu hawatafuti injini. Wanatafuta mtu mmoja mwenye shida atakayepiga ile namba. Ndiyo maana ukiwaacha unamuumiza msomaji wako, pengine binti aliyefiwa au mama mwenye madeni.

Dawa ipo na si ngumu. Kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress, ingia kwenye mipangilio ya maoni na uwashe ile inayotaka mtu awe na maoni yaliyokwisha kukubaliwa ndipo ya kwake yatokee moja kwa moja. Mgeni wa mara ya kwanza anasubiri umsome, mwenyeji anapita. Kisha weka orodha ya maneno yanayopeleka komenti kwenye foleni: freemason, mkopo, pete, +255. Usiweke "mganga" kwenye orodha ya kufuta moja kwa moja, kwa sababu hadithi yako ina mganga na wasomaji wanamjadili. Iweke kwenye ya kusubiri. Funga maoni ya sehemu zilizopita siku 30, huko ndiko takataka hujificha. Ukitenga dakika 15 asubuhi na 15 usiku, foleni haitakushinda.

Matusi nayo yana aina mbili, na nakuomba uzitenganishe hata siku unapoumia. "Sehemu hii imepooza, unatuzungusha" ni msomaji aliyekasirika kwa sababu anaijali hadithi. Iache, ikibidi mjibu. Anayekutukana wewe, mwili wako, kabila lako au mzazi wako, futa na mzuie, usimpe hata maelezo. Anayekutishia ni jambo jingine, nitalirudia.

Chunguza pia wasomaji wanaoacha namba zao za simu hadharani, wale wa "niunge kwenye grupu 07…". Zifiche. Wanawake wengi wamepigiwa simu za usumbufu kwa namba walizoacha chini ya hadithi. Na barua pepe zinazojazwa kwenye kisanduku cha maoni unazihifadhi wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na haikuruhusu kumpa mwenye duka orodha hiyo hata akikuongezea dau.

Kurudi Facebook? Kule komenti zina nguvu ya aina nyingine. Januari 2018 kampuni ilitangaza kuwa itapandisha juu yale yanayowafanya watu wazungumze, lakini mwezi mmoja tu kabla, Desemba 2017, ilikuwa imetangaza kushusha machapisho yanayoomba komenti waziwazi. Kwa hiyo "komenti NEXT nikutumie" inaweza kukushusha badala ya kukupandisha. Weka kule sehemu mbili tatu za mwanzo, kama mtu anayepeleka sampuli gulioni, na uwaelekeze nyumbani kwako. Majukwaa ya kuandikia nayo yana masharti yake: Wattpad, iliyoanzia Toronto 2006, huonyesha matangazo kwa wasomaji wa bure lakini mwandishi wa kawaida hagawiwi pesa hiyo, Medium ya 2012 haina matangazo, hutegemea ada za wanachama. Kabla ya kuhamia lolote, uliza kwanza kama linaweza kulipa mtu aliyeko Tanzania, na kwa njia ipi.

Sasa mwenye vitenge. Shilingi 50,000 ni karibu malipo yako ya miezi minne ya matangazo ya Google, na hazihitaji mnada, hazili bando, hazimletei mama mdogo dawa za tumbo. Zichukue, lakini usimwingize ndani ya hadithi. Leo mama wa dagaa ananunua kitenge dukani kwake. Kesho hadithi inadai auziwe kitenge kibovu, utaandika nini? Mwekee mstari juu ya sehemu: "Sehemu hii imedhaminiwa na duka fulani, Makoroboi", pamoja na picha moja ndogo, na msomaji aone wazi kuwa umelipwa. Andikianeni karatasi: ni sehemu ngapi, kuanzia lini, malipo yanatangulia, na hana kauli juu ya kisa. Wa namna hiyo wanne kwa mwezi wanatosha kukutoa Google kabisa. Ni kipato, kwa hiyo pita TRA waulize unavyopaswa kukitolea hesabu.

Maoni yangu ni haya. Toa matangazo yote ya Google kwa miezi miwili, uangalie kama wanaomaliza sehemu wanaongezeka. Ukiona huwezi kuyaacha, bakiza moja tu, chini kabisa baada ya neno "itaendelea". Endelea kutoa sehemu bure, ila wanaotaka kusoma wiki mbili mbele walipe 1,000 kwa simu. Wakipatikana 40 ni shilingi 40,000. Watavujisha kwenye magrupu ya WhatsApp, hilo litarajie. Wanaolipa hulipa kwa sababu wanakupenda wewe na hadithi yako. Ikikamilika, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujafikiria kuichapa.

Kuna mambo ambayo si ya kuuliza kwa maandishi. Ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Nenda na anwani ya tovuti yako, waeleze kuwa unaandika hadithi na si habari, uwaulize kama unahitaji leseni na ya aina gani. Kanuni zimebadilika mara kadhaa na jibu la ofisini ndilo la kushika. Suala la yule mfanyabiashara likivuka komenti ile moja, nenda kwa wakili. Na mtu akikutishia kwa kutaja unapoishi au watoto wako wanaposoma, usiishie kumzuia: piga picha za skrini na uende kituo cha polisi siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Yule mvuvi wa sehemu ya 19 hujamjibu, nimeangalia. Komenti yake ina miezi miwili. Mwandikie, umuulize nyavu hushonwa kwa uzi gani.